Milima ya Mwezi na Majirani Zake

Wahenga walinena kuwa milima haikutani bali binadamu hukutana. Maneno hayo yamesimama juu ya jambo lililo wazi, kwamba mlima hukaa mahali ulipowekwa hata mwisho wa dahari. Walakini katika historia ya Afrika ya Mashariki iko milima iliyohama. Katika muda wa miaka 34, tangu 1858 hata 1892, Milima ya Mwezi, ambayo sifa yake ilikuwa imekwisha kuenea duniani kwa karne nyingi, iliwekwa kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ikanyoshwa hata Mufumbiro, ikapandishwa Ruwenzori, kisha ikarudishwa Urundi. Aliyeihamisha ni msafiri mwenye kalamu. Nia ya insha hii ni kuchungua jinsi uhamisho huo ulivyotendeka, na kuuliza ni nani aliyestahili kuulizwa jina la mlima na hakuulizwa.

Mahali pafaapo kuitazamia habari hii ni Mabamba, katika wilaya ya Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Mabamba imo mpakani. Mtu akitoka hapo kwenda magharibi huingia Burundi, ambayo kwa sheria ni nchi ya kigeni. Lakini Kiha kisemwacho upande huu na Kirundi kisemwacho upande ule ni ndimi zinazosikilizana, na mwenyeji wa upande mmoja hahitaji mkalimani akizungumza na mwenziwe wa upande wa pili. Kwa hiyo milima ambayo kwa mgeni wa mbali ilikuwa fumbo, kwa mtu wa Mabamba ilikuwa milima ya jirani.

Asili ya sifa yenyewe ni ya kale sana. Katika karne ya 2, Ptolemy, bingwa wa elimu ya dunia aliyekaa Iskandaria katika Misri, alisimulia habari za mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Diogenes, ambaye upepo ulimsukuma katika pwani yetu alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi. Kutokana na habari za namna hiyo ilijengwa picha ya maziwa mawili makubwa yanayolisha mto Nili, na juu ya maziwa hayo milima yenye theluji iitwayo Milima ya Mwezi. Wako wanazuoni wanaoshuku kwamba kifungu cha milima kiliongezwa katika kitabu chake na mikono ya baadaye. Vyovyote vilivyokuwa, ramani za Waarabu ziliipokea milima hiyo kwa jina la Jabal al-Qamar, na hapo mjadala mwingine ukazuka; kwa maana herufi zile zile zaweza kusomwa Qamar, yaani mwezi, au Qumr, jina ambalo Waarabu walivipa visiwa vya Komoro na nchi zilizo karibu navyo. Mlima wenye sifa kubwa hivyo ulikuwa haujui hata jina lake lisomwe kwa irabu gani.

Wasafiri wa Ulaya walipoanza kuingia bara katika karne ya 19 walikuja na milima hiyo vichwani mwao kabla ya kuiona kwa macho. Jina la Unyamwezi liliwatia moyo. Wengine walidhani kuwa nchi ya Mwezi na Milima ya Mwezi haziwezi kuwa mbalimbali. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir aliwaeleza kuwa ziwa ambalo Wazungu walilichora kama bahari moja kubwa lilikuwa kwa kweli maziwa matatu yaliyo mbalimbali. Hayo yalikuwa maarifa ya watu wa misafara, yaliyopatikana kwa miguu. Mwaka uliofuata Speke aliona vilima virefu vilivyolizunguka Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini, akavichora katika ramani kwa umbo la mwezi mwandamo, akaviita Milima ya Mwezi. Burton, mwenziwe, hakuukubali mchoro huo. Mwaka 1861 Speke alipokuwa Karagwe aliona kwa mbali vilele vya Mufumbiro, navyo akavitia katika milima ile ile. Mtu aliyekuwa naye katika safari zote mbili ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani Bara Hindi akarudi huru. Pasipo yeye, Speke asingaliweza kuzungumza na mtu. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa Bombay nishani ya fedha mwaka 1876, na hiyo ni heshima ambayo wapagazi wachache mno waliipata. Hata hivyo hakuna kilima kilichopewa jina lake.

Baada ya Speke alikuja Stanley. Mwaka 1876 alipiga kambi karibu na Ruwenzori asiione theluji, kwa kuwa mawingu huufunika mlima ule siku nyingi za mwaka. Aliporudi mwaka 1888 mawingu yalifunguka, na ilikuwa kijana mmoja wa msafara wake aliyemwonyesha, akisema kuwa mlima ule mkubwa umefunikwa na chumvi. Wasomaji wengi wa Ulaya walilicheka neno hilo. Mimi nadhani lastahili kufikiriwa kwa adabu, kwa kuwa mtu huita kitu kigeni kwa jina la kitu akijuacho. Miaka 40 kabla yake, mwezi wa Mei 1848, kiongozi wa misafara kutoka pwani aliyeitwa Bwana Kheri alimpeleka Rebmann mpaka karibu na Kilimanjaro, na alipoulizwa ile nyeupe iliyo juu ni nini alijibu kwa neno moja: baridi. Hakuna jibu lililokuwa sahihi kuliko hilo. Lakini Cooley, bingwa aliyekaa London asiyepata kukanyaga bara letu, aliendelea kukataa kuwa theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta, na ubishi haukwisha mpaka theluji ilipomwangukia von der Decken mlimani mwaka 1862. Neno la mtu aliyehisi baridi lilishindwa na kitabu cha mtu aliyeota moto nyumbani.

Tangu hapo watu wengi walikubali kuwa Ruwenzori ndiyo Milima ya Mwezi. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikipanda kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa nchi yake. Milima mikubwa ya hapo iliitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Wakonzo, ambao ndio wenyeji, na ambao baadhi yao waliichukua mizigo ya safari hiyo, hawakuombwa jina hata moja.

Lakini sehemu ya habari hii iliyo karibu zaidi na Mabamba ni ile ya Oscar Baumann. Huyu alikuwa Mwaustria, na mwaka 1892 aliondoka Tanga na msafara mkubwa, akapita Manyara na Ngorongoro, akazunguka kusini ya Ziwa Viktoria, na mwezi wa Septemba akaingia Urundi akifuata mto Ruvubu hata chimbuko lake. Huko alisikia wenyeji wakiitaja milima kwa maneno ambayo yeye aliyaandika Missosi ya Mwesi. Furaha yake ilikuwa kubwa. Aliamini kuwa ameitia mkononi ile Milima ya Mwezi ya Ptolemy pamoja na chemchemi ya Nili, na jambo hilo alilitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1894.

Mwenyeji wa Kibondo angalimwambia jambo lingine. Katika Kirundi umusozi ni mlima au kilima, na imisozi ni wingi wake. Lakini mwezi wa mbinguni huitwa ukwezi. Mwezi ni jina la mfalme. Wafalme wa Burundi walirithiana majina manne kwa zamu, yaani Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na imisozi ya Mwezi ni milima ya mfalme Mwezi. Katika safari ile watu wengi walimlaki Baumann kwa nyimbo na shangwe, na wako waliomdhania kuwa Mwezi aliyerudi. Naye alitoka nchini asimwone Mwezi aliyekuwa hai. Mwezi Gisabo alikuwa amekwisha kutawala kiasi cha miaka 40. Ndiye aliyepigana na Wadachi mpaka akalazimika kufanya mapatano nao Kiganda mwaka 1903, akafa mwaka 1908. Msafiri alitafuta mwezi wa kitabu, akampita mfalme.

Kisa hiki hakinifanyi nimdharau Baumann, aliyekuwa mtu hodari na mwandishi mwangalifu wa mambo mengi. Lakini chaonyesha kuwa mtu aweza kulisikia neno sawasawa, akaliandika karibu na sawa, na asilielewe, kwa sababu maana yake ameileta tayari kutoka kwao.

Utafutaji haukuishia hapo. Mwaka 1898 Richard Kandt aliufuata mto Rukarara hata chimbuko lake katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alifika mlima Gikizi, karibu na Rutovu, kusini mwa Burundi, kwenye chemchemi ya Kasumo, akaitambua kuwa ndiyo chemchemi ya Nili iliyo kusini kupita zote. Mwaka 1938 ilijengwa hapo piramidi ndogo ya mawe, kana kwamba Misri imetuma salamu kwa mama yake. Warundi na Wanyarwanda wangali wanashindana kwa upole juu ya chemchemi ipi ndiyo ya kweli.

Msafiri atokaye Mabamba aweza kuufikia mlima huo kwa kupitia Gisuru, Ruyigi na Gitega, mji ulioanzishwa na Wadachi mwaka 1912 na wenye makumbusho ya taifa tangu 1955, kisha akashuka kusini hata Rutovu. Gikizi si mlima wa kutisha. Urefu wake ni mita 2,100 na kitu, na kilele chake ni cha majani. Ajabu yake imo katika maji. Mito ya Kibondo kwa sehemu kubwa huingia Malagarasi, ambao hushuka katika Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na bahari ya Atlantiki. Maji ya Kasumo huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria na Nili, hata bahari ya Mediterania. Kwa hiyo katika safari fupi hiyo mtu huuvuka mgongo wa Afrika, akayaacha nyuma maji yaendayo magharibi na kukuta maji yaendayo kaskazini.

Njia hiyo, walakini, haikukanyagwa na wapenda mandhari peke yao. Baumann alipopita hapakuwa na mpaka wa aina tuujuao leo. Zilikuwako himaya, Muhambwe na Buyungu upande wa Buha, na ufalme wa Urundi upande wa pili, na watu walipita kwa biashara na kwa ndoa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi, na vilima vya jirani vikawa vya kigeni. Tangu hapo waliovuka kwa wingi ni wakimbizi: mwaka 1972, mwaka 1993, na tena tangu 2015, ambapo Mabamba ilikuwa mlango wa maelfu waliopelekwa kambi ya Nduta. Watu hao waliyajua mabonde na vivuko vya nchi ile kuliko mchora ramani yeyote, kwa kuwa waliyapita usiku wakiwa na watoto mgongoni. Ikiwa twahesabu wasafiri wa milima, hatuna haki ya kuwaacha hao nje ya hesabu.

Yasisemwe kuwa watu wetu hawakuandika. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, ambamo Sleman bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara, na Selim bin Abakari akasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Walipopewa karatasi waliandika, tena kwa macho makali. Upungufu ulikuwa katika idadi ya walioulizwa.

Kazi iliyobaki ni yetu wanafunzi wa lugha na historia. Kila kilima kati ya Kibondo na Rutovu kina jina, na kila jina lina sababu yake, nayo sababu imo vinywani mwa wazee ambao hawatakaa nasi siku zote. Anayetaka kwenda kuutazama mlima wenye sifa na aende, maana kutembea ni kujifunza. Lakini akifika chini ya mlima, kabla ya kufungua kitabu, na aanze kwa kumwamkia mwenyeji na kumwuliza: mlima huu mwauitaje, na kwa nini?