Mpishe Mwenzako

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2002 tulikuwa tumebanana kwenye sebule ya jirani, watu wanane hivi, tukitazama mbio za magari za Langalanga kutoka Austria. Rubens Barrichello, Mbrazili wa Ferrari, alikuwa ameanza wa kwanza na kuongoza mpaka raundi ya mwisho. Nyuma yake alikuwa Michael Schumacher wa timu iyo hiyo. Zikiwa zimebaki mita chache tu kufika mstarini, Barrichello akapunguza mwendo. Schumacher akapita na kushinda kwa sekunde 0.182.

"Kwani gari limeisha mafuta?" mwenye nyumba akauliza.

Mafuta yalikuwepo. Alikuwa ameamriwa ampishe mwenzake. Kule uwanjani watu walizomea kiasi kwamba Schumacher alimsukuma Barrichello apande ngazi ya juu ya jukwaa mahali pake. Sebuleni tuligawanyika. Mmoja akasema kazi ni kazi, bosi akisema pisha, unapisha. Mwingine akasema huo ni wizi wa mchana. Mimi sikujua niko upande gani, na nimekuwa nikilibeba swali hilo tangu siku ile.

Kwanza tuelewe hesabu yake. Kila timu ya Langalanga ina madereva wawili, lakini taji la dereva bora ni moja. Magari mawili ya timu moja yakimaliza wa kwanza na wa pili, timu inapata alama zile zile, nani awe mbele hakubadilishi kitu. Kwa dereva kunabadilisha kila kitu. Kwa hiyo anayeshindana naye kwa karibu zaidi ni yule anayekula naye meza moja, mwenye gari kama lake, ambaye hana kisingizio cha injini. Timu nayo inaogopa wawili hao wagongane na kutoka mikono mitupu. Hapo ndipo amri huzaliwa.

Nilidhani ni tabia ya siku hizi, ya pesa nyingi na redio masikioni. Sivyo. Mnamo Septemba 2, 1956, kule Monza, Italia, gari la Juan Manuel Fangio wa Ferrari liliharibika mfumo wa usukani. Wakati huo sheria ziliruhusu dereva kumwachia mwenzake gari katikati ya mbio, wakagawana alama. Luigi Musso aliposimama kwa mafundi, alikataa kushuka. Kisha akaja Peter Collins, Mwingereza wa miaka 24, ambaye mwenyewe bado alikuwa na matumaini ya kutwaa ubingwa siku hiyo. Akaona hali ilivyo, akashuka, akampa Fangio gari. Fangio alimaliza wa pili na kuwa bingwa kwa mara ya nne. Collins alieleza baadaye kwamba yeye bado kijana, nafasi yake ingekuja.

Haikuja. Tarehe 3 Agosti 1958 alifariki baada ya ajali kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani, akiwa na miaka 26. Musso, aliyekataa kushuka, alikuwa amekufa kwenye mbio za Reims mwezi mmoja kabla. Aliyetoa na aliyenyima waliishia pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa bingwa. Ila hadi leo anayezungumziwa kwa heshima ni Collins, nadhani kwa sababu kushuka kulikuwa uamuzi wake.

Kisa kinachoniuma zaidi kilianza pale pale Monza, mwaka wa 1979. Jody Scheckter wa Afrika Kusini alikuwa akiongoza katika Ferrari, na akishinda alikuwa anatwaa ubingwa. Nyuma yake alikuwa Gilles Villeneuve wa Kanada, pia wa Ferrari, pia mwenye matumaini ya taji. Villeneuve alikuwa na kasi ya kumpita. Alikaa nyuma mpaka mwisho, chini ya nusu sekunde, kwa sababu ndivyo timu ilivyopanga. Scheckter akawa bingwa, na mpaka leo ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kulitwaa taji hilo. Villeneuve alimaliza msimu akiwa wa pili. Aliamini zamu yake itafika, na itakapofika, wengine watakaa nyuma yake vile vile.

Aprili 25, 1982, kule Imola, aliona imefika. Timu nyingi zilikuwa zimesusia mbio hizo, magari yakawa 14 tu. Magari ya Renault yalipoharibika, Ferrari mbili zilibaki mbele peke yake: Villeneuve, kisha Didier Pironi, Mfaransa. Timu ikainua ubao wa kuwaambia wapunguze mwendo. Villeneuve alielewa kwamba nafasi zibaki zilivyo. Pironi alishikilia kwamba ubao ule ulihusu mwendo tu, haukuhusu nani amalize mbele. Akampita. Villeneuve akarudi mbele na kupunguza kasi, akijua mchezo umeisha. Raundi ya mwisho Pironi akampita tena, akashinda.

Villeneuve aliapa hatasema na Pironi tena maishani, na hakusema naye. Siku 13 baadaye, Zolder, Ubelgiji, akitafuta nafasi ya kuanzia mbio huku Pironi akiwa na muda bora kuliko wake, aligonga gari la Jochen Mass na kufariki. Agosti mwaka huo huo Pironi, akiongoza msimu, alivunjika miguu vibaya Hockenheim na hakushiriki Langalanga tena. Mwaka wa 1987 alifia baharini karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, kwenye mashindano ya boti.

Sisemi ubao uliwaua. Ninachosema ni kwamba deni la 1979 halikuandikwa popote. Villeneuve alilipa kwa uaminifu, akadhani timu nzima inakumbuka.

Turudi Austria. Ferrari ilitozwa faini ya dola milioni 1, nusu yake ikisimamishwa. Lakini kosa lililoadhibiwa lilikuwa ule mvurugano wa jukwaani, maana amri yenyewe haikuvunja sheria. Halafu Schumacher hata hakuihitaji: alikuwa ameshinda mbio 4 kati ya 5 za kwanza, na alitwaa ubingwa Julai, zikiwa zimebaki mbio 6.

Kuanzia 2003 amri za timu zikapigwa marufuku. Matokeo? Watu walijifunza mafumbo. Julai 25, 2010, Hockenheim, Felipe Massa alikuwa anaongoza, mwaka mmoja kamili tangu springi ya gari lililokuwa mbele yake impige kichwani Hungary na karibu imuue. Mhandisi wake akamwambia redioni kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, na akamuuliza kama ameelewa. Alielewa, hata sisi tulielewa. Akapisha. Faini ikawa dola 100,000, na marufuku ikaondolewa msimu uliofuata. Alonso aliukosa ubingwa kwa alama 4. Massa hakushinda tena mbio yoyote ya Langalanga.

Sasa naweza kumjibu yule jirani. Timu ina haki ya kuamuru, gari ni lake na mshahara ni wake. Lakini anayepisha anatoa kitu ambacho hakirudi, na haki yake ni angalau aulizwe waziwazi, apewe ahadi inayoshikika, na isemwe hadharani kwamba alitoa.

Miezi michache baada ya Pironi kufa, mwenzi wake alijifungua mapacha wa kiume. Akawaita Didier na Gilles. Agosti 2020, kule Silverstone, Mercedes iliposhinda, mhandisi aliyetumwa jukwaani kupokea kombe la timu alikuwa Gilles Pironi.