Mkonge: Mmea Unaovuta Hewa Usiku

Shuleni tulikariri, tukafaulu mtihani, tukasahau: mmea hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kutengeneza sukari, halafu hutoa oksijeni. Usanisinuru. Basi! Lakini wangapi tuliambiwa kwamba mmea ulioandika historia ya Tanga una ratiba yake?

Mwaka 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Asili yake ni Mexico. Ilipitia Hamburg, ikafika taabani. Iliyopona ni 62 tu! Ikapandwa Kikogwe, Pangani, pale pale ambapo miaka minne kabla, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim. Kufikia 1898 miche ilikuwa imezidi 60,000.

Kwa nini ilishika? Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana. Hewa ukaa inaingia, lakini maji nayo yanatoroka. Wakati wa kiangazi hiyo ni hasara. Mkonge ni mjanja. Mchana wa jua kali hufunga milango. Usiku, ubaridi ukiingia, hufungua, hukusanya hewa ukaa na kuiweka akiba majanini kama tindikali. Kukicha, hufunga tena na kutumia mwanga kuigeuza akiba ile kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo hujenga singa. Yaani kamba ya mkonge ni hewa ya usiku iliyosokotwa na jua la mchana.

Sasa wadau, mmea ulijua kujikinga na jua. Mkataji je? Manamba walitolewa Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Jina lenyewe linatokana na namba walizopewa. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Maana yake, mtu alikata na kubeba kilo 100, zikatoka kilo 4 hivi za kwenda Ulaya. Zilizobaki ni maji na makapi.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 hivi, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, lakini uzalishaji ukazidi kushuka. Na hapa kuna kichekesho: kamba hizo zinatokana na mafuta ya petroli, ambayo ni mabaki ya viumbe wa baharini walioishi kwa nguvu ya jua mamilioni ya miaka iliyopita. Jua la kale likalishinda jua la leo!

Siku hizi dunia inalalamikia plastiki, na mkonge unasemwa tena. Jua lipo. Usiku upo. Mmea utafanya kazi yake kama kawaida. Swali ni lile lile tangu Kikogwe: sukari hiyo ataila nani?