Mikono Iliyoifikisha Chai ya Taiwan New York

Mwaka 1869 merikebu mbili ziling'oa nanga Tamsui, kaskazini mwa Taiwan, zikielekea moja kwa moja New York. Zilibeba zaidi ya tani 120 za ulongi, chai iliyo kati ya ile ya kijani na hii nyeusi tuliyoizoea. Kabla ya hapo chai ya kisiwa hicho ilivushwa kwanza hadi China bara ikamaliziwe huko. Safari hii iliuzwa kwa jina la kisiwa chenyewe kama Wazungu walivyokiita: Formosa.

Vitabu humtanguliza John Dodd, mfanyabiashara Mwingereza. Mtaji ulikuwa wake, hilo halina ubishi. Lakini naona sifa zimegawanywa vibaya. Kazi ya kuleta miche kutoka Anxi, mkoani Fujian, na kuwakopesha wakulima fedha za kuipanda, ilimtegemea Li Chunsheng, wakala wake aliyezaliwa Xiamen. Na nyuma ya Li walikuwako mafundi wa Fujian ambao hakuna aliyeyaandika majina yao, pamoja na wanawake wa mtaa wa Dadaocheng, kisiwani Taiwan, waliochambua majani kutwa nzima. Dodd aliweza kununua majani. Kuyageuza yawe ulongi hakuweza.

Ufundi wenyewe ni wa kukesha. Majani yaliyokomaa kiasi huchumwa, huanikwa juani yanyauke, kisha huingizwa ndani na kutandazwa kwenye nyungo za mianzi. Fundi huyatikisa, huyapumzisha, huyatikisa tena, saa baada ya saa. Kingo za jani huchubuka, hewa hupenya, zikaanza kuwa nyekundu huku katikati kukibaki kijani. Harufu ya ubichi huondoka, ikaja ya maua, kisha ya matunda. Wakati wowote katika mwendo huo fundi anaweza kuamua kwamba imetosha. Akiwahi, ukakasi unabaki; akichelewa sana, amepata chai nyeusi. Mvua ikinyesha, kipimo cha jana hakifai kitu. Akishaamua, majani hukaangwa kwenye karai la moto ili yasiendelee kugeuka, hufikichwa, hukaushwa, na mengine huokwa taratibu kwa makaa.

Huko Hsinchu, Taiwan, wakulima hata humwacha mdudu ashiriki. Kidudu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele, hufyonza machipukizi wakati wa kiangazi. Mmea hujihami kwa kutoa kemikali ambazo baadaye hunukia asali. Ndiyo maana shamba la chai ya namna hiyo halipigwi dawa ya wadudu.

Wajapani walikitawala kisiwa kuanzia 1895 hadi 1945. Soko la Marekani lilipungua, chai nyeusi ya India na Ceylon ikatamba. Miaka ya 1970 wakulima waliwageukia wanywaji wa Taiwan kwenyewe, na Lugu, kwenye milima ya Nantou, ikaanzisha mashindano ya chai.

Nyumbani, ulongi huandaliwa kwenye buli dogo: gramu 6 hivi kwa mililita 120 za maji yaliyotoka kuchemka, bila maziwa wala sukari. Humiminwa kabla ya dakika kwisha, na majani yaleyale hutiwa maji tena mara tano au zaidi. Waamuzi wa mashindano hawaibembelezi hivyo. Huloweka gramu 3 kwa dakika tano au sita, muda unaotosha ukakasi wote kujitokeza, ndipo wanapoonja.