Mutuele ya afya: mzee wa Walungu analipa nini hasa?

Walungu, wazee wengi ni walimaji, hawana pansio. Mzee akigonjwa, watoto wanachanga feza ama mbuzi inauzwa. Ndiyo maana wengi wanaangalia mutuele ya afya. Kivu ya Kusini, Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu limesaidia kuziunda tangu miaka ya 1990. Kongo nzima zinaongozwa na sheria ya tarehe 8 Februari 2017.

Lakini mchango siyo gharama yote. Kuko mambo ine ya kuhesabu.

Mchango. Unalipwa kila mwaka, kwa kila kichwa. Mara nyingi mzee halipi kupita kijana, ila jamaa yote inaombwa kuingia. Kama wangeingia wagonjwa peke yao, sanduku lingeisha mbele ya mwaka kumalizika.

Muda wa kungojea. Mwanachama mpya analipa, kisha anangoja kwanza. Mzee anayeandikishwa siku ile anabebwa kwa kipoyi, matunzo ya siku hiyo ni juu ya jamaa.

Sehemu ya mgonjwa. Mutuele hailipi yote. Tuchukue mfano: fakture ni faranga 100 000, mutuele inalipa 80 kwa mia. Mzee anabakia na 20 000, na inafaa ziwe tayari nyumbani.

Vitu vya nje. Kwa kawaida mgonjwa anaanzia kituo cha afya, ndipo anapewa barua ya kumtuma hospitali kuu. Akiruka kituo, anaweza kulipa yote mwenyewe, isipokuwa kwa jambo la haraka. Dawa za kila siku za presha ao sukari, miwani na pikipiki ya kufika hospitali, mara nyingi haviko ndani.

Wengine wanasema serikali sasa inatunza bure. Mpango uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 ni wa wamama wanaozaa na watoto wachanga. Haulipie mzee.

Basi, mbele ya kutoa makuta, mtoto aliye Bukavu ao kwenye machimbo ya Mukungwe amuulizie mzazi wake: Nitangoje muda gani? Nitabakia kulipa ngapi kwa mia? Dawa za presha ziko ndani? Hospitali gani inapokea karte hii? Majibu yaombwe kwa maandishi, na risiti ichungwe pamoja na karte. Mwaka ukiisha bila kulipa, mara nyingi mzee anarudia kungoja upya.