Mlembe: Ndege anayemwita binadamu kwenye nyuki

Wasikilizaji wetu mnaochunga mifugo au kurina asali, wengi wenu mnamjua ndege huyu hata kabla hatujamtaja. Unapita porini, mara ndege mdogo anatua tawi la karibu na kuanza kelele za haraka haraka, kama mtu anayetikisa kiberiti. Ukimsogelea, anarukia mti wa mbele na kupiga kelele tena. Huyo ni mlembe, na anakuita. Makala haya yanaeleza kwa nini anaita, kila upande unapata nini, na kwa nini urafiki huu unaweza kupotea.

Ni ndege gani?

Mlembe ana urefu wa sentimita 20 hivi. Mgongo wake ni wa kijivu na kahawia, na akiruka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia. Dume ana koo jeusi na mdomo wa pinki. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Hafugwi wala hafundishwi na mtu. Hata wazazi wake hawamlei, kwa sababu jike hutaga katika viota vya ndege wengine. Kifaranga wa mlembe huwaua wenzake kiotani kisha hulelewa peke yake.

Kila upande unapata nini?

Watu wengi hudhani mlembe anatafuta asali. Anachotaka hasa ni nta, pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Ni wanyama wachache sana wanaoweza kusaga nta tumboni, yeye anaweza.

Shida yake ni moja. Anajua nyuki walipo, lakini wamejificha ndani ya tundu la mti, na wakimshambulia wanaweza kumuua. Binadamu ana moto, moshi na shoka, ila hajui mti upi una nyuki. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake hana. Mtu anachukua asali, ndege anabaki na masega. Wanasayansi huita uhusiano wa namna hii kutegemeana kwa manufaa ya pande zote.

Faida imepimwa. Mwaka 1989, mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti waliofanya kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, warina asali walitumia wastani wa karibu saa 9 kupata nyuki. Wakiongozwa na mlembe, walitumia saa 3 na dakika chache.

Binadamu naye huita

Mazungumzo haya si ya upande mmoja. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, huita mlembe kwa sauti ya "brrr" inayomalizikia na "hm". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mrina asali anayetoa sauti hiyo ana nafasi ya asilimia 54 ya kuonyeshwa nyuki. Akitoa sauti nyingine, nafasi hushuka hadi asilimia 16 hivi.

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, hapa Tanzania, hupiga mluzi. Mwaka 2023 watafiti walijaribu kubadilisha: wito wa Wayao wakaupiga Eyasi, na mluzi wa Wahadzabe wakaupiga Niassa. Ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko wito wa wageni. Niassa nako waliupendelea wito wa kwao. Inaonekana mlembe hujifunza lugha ya watu anaoishi nao.

Malipo ya ndege

Wayao humwekea mlembe kipande cha sega mahali pa wazi. Baadhi ya Wahadzabe hufanya kinyume: huficha au huchoma nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuita. Katika sehemu nyingi za Afrika wazee huonya kwamba ukimnyima mlembe haki yake, siku nyingine atakupeleka kwa simba au nyoka. Hilo la simba watafiti hawakulithibitisha, lakini onyo limesaidia watu wengi kukumbuka kulipa deni.

Kwa nini uko hatarini?

Sukari sasa inauzwa hadi duka la kijijini. Miti mikubwa yenye matundu inakatwa. Vijana wengi hawaendi porini na wazee. Mahali ambapo watu wameacha kumfuata, mlembe naye hupunguza kuita. Ndege hatakufa kwa hilo, kwa kuwa anaweza kuokota nta kwingine. Kinachokufa ni ule wito, na ukishasahaulika pande zote mbili, hakuna wa kuufundisha tena.

Ukimfuata mlembe, usikate mti mzima kwa ajili ya tundu moja. Zima moto mpaka majivu yapoe. Muulize kwanza mwenye eneo, na kama ni hifadhi, fuata sheria. Halafu mwachie ndege sega lake.

Na kama nyumbani kuna mzee anayejua wito wa mlembe, mwombe autoe, umrekodi kwenye simu yako. Kisha mwombe akufundishe, maana ndege huitikia mtu aliyeko porini.