Kutoka Changuu hadi Msasani: Historia ya Kupimwa na Kungojeshwa

Watalii wanaovuka kwa boti kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe kwenda Changuu huenda kuwaona kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kisha huoneshwa gereza ambalo halikufunga mtu. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza katika serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa hicho mwaka 1893 akajenga jela, lakini kabla haijapokea mfungwa hofu ya maradhi ilizidi hofu ya wahalifu, na majengo yakageuzwa karantini. Habari hii husimuliwa kama kichekesho, watu wakacheka, wakarudi kwenye boti. Ni hasara, kwa sababu historia ya Changuu inatusaidia kulipima jambo linalozisumbua nyumba nyingi za Unguja leo: safari ya Dar es Salaam kwenda kupimwa afya kwa ajili ya visa, na miezi ya kungoja kuitwa kwenye mahojiano. Hoja yangu ni hii. Kumpima afya anayevuka mpaka ni desturi ya zamani, na mara nyingi ina sababu ya haki. Kilichoharibika ni kungoja. Zamani siku za kungoja zilihesabiwa kwa ugonjwa. Leo zinahesabiwa kwa faili.

Tuanze na karantini yenyewe ilivyofanya kazi. Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya upande huu wa Afrika, na Changuu ikawekwa kuwa kituo cha kuzihudumia nchi zote za Mwingereza za Afrika Mashariki. Meli ikifika, daktari hupanda, akawatazama mabaharia na abiria. Anayetiliwa shaka huteremshwa, akapelekwa kisiwani, akakaa chini ya uangalizi kati ya wiki moja na mbili, kisha akaruhusiwa kuendelea na safari yake. Kazi ilikuwa nzito kati ya Disemba na Machi, kaskazi inapoyaleta majahazi na meli kutoka India, Ghuba na Arabuni. Miezi mingine kisiwa hakikuwa na mgonjwa, na Wazungu wa mjini walikigeuza pahala pa kupumzikia. Mwaka 1923 yalijengwa majengo mapya ya karantini, yale ambayo mgeni wa leo huyapita bila kuyauliza. La kuzingatia hapa ni kwamba muda ulikuwa na kikomo. Mikataba ya kimataifa ya afya ya enzi hizo ilitaja siku waziwazi: kipindupindu siku 5, tauni siku 6, homa ya manjano siku 6. Hesabu hiyo hakuitunga karani. Ilitokana na muda ambao ugonjwa huchukua tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuugua. Zikipita siku hizo naye ni mzima, hakuna tena sababu ya kumzuia, na hata yule aliyezuiwa aliweza kuhesabu kwa vidole siku atakayotoka.

Sisemi kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na huruma ya pekee kwa abiria wa jahazi. Wala sisemi kwamba ukaguzi wa bandarini ulikuwa ngao kamili. Kipindupindu kikubwa cha mwaka 1869 kilikwisha kutoa funzo hilo kabla ya Changuu kuwa karantini. James Christie, daktari Mskochi aliyekuwa akifanya kazi mjini Zanzibar wakati ule, aliifuatilia njia ya maradhi hayo na kuichapisha katika kitabu mwaka 1876. Kwa maelezo yake, ugonjwa haukuja na meli za kaskazi. Ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukashuka kwa nchi kavu kupitia Uhabeshi na nchi ya Wamasai, ukafuatana na misafara hadi Pangani, na kutoka Pangani ukavuka kuja Unguja, ukaua maelfu. Daktari wa bandari aliyekodolea macho meli za mbali angekuwa ameupa mgongo mlango uliotumika. Hata hivyo fikra ya kuwazuia watu pahala pamoja kwa siku maalumu iliendelea kukua. Mwaka 1882 Waturuki walifungua karantini ya mahujaji kwenye kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Shamu, na mahujaji waliokuja kwa bahari kutoka kusini walishushwa pale kabla ya kufika Jeddah.

Msomaji makini atanipinga hapa: Kamaran mahujaji walitozwa ada, na waliilalamikia sana. Kwa hiyo si kweli kwamba gharama ya kungoja ni mzigo mpya. Ni kweli, anayengoja amelipa tangu zamani. Lakini aliyemngojesha naye alikuwa na mzigo wake: ilimpasa awe na kisiwa, majengo, maji, daktari na walinzi. Kila siku ya kumzuia mtu ilimgharimu, ikamhimiza amwachie. Msukumo huo ndio ulioondoka baadaye, na ulianza kuondoka Marekani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 iliwakataza kuingia wahamiaji wenye maradhi ya kuambukiza yaliyohesabiwa kuwa ya hatari, na ikayataka makampuni ya meli yawarudishe kwa gharama yao wenyewe wale waliokataliwa. Mwaka uliofuata kilifunguliwa kituo cha Ellis Island kwenye bandari ya New York. Pale madaktari waliwatazama watu wakipanda ngazi, wakaandika herufi kwa chaki kwenye makoti ya waliotiliwa shaka, na wakageuza kope za macho, mara nyingine kwa kile kichuma cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta trakoma. Ilikuwa kazi ya haraka na ya kutweza. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1925 ukaguzi ukahamishiwa kwenye balozi ndogo za Marekani ng'ambo: mtu apimwe kwao, na bila visa asipande meli. Watetezi wa mabadiliko hayo walikuwa na hoja nzuri, nami naikubali. Ni afadhali kuambiwa hapana ukiwa nyumbani kuliko kuambiwa hapana baada ya kuuza ulicho nacho na kuvuka bahari. Ila jambo jingine lilipita kimyakimya pamoja na huruma hiyo. Aliyepaswa kungoja hakuwa tena juu ya ardhi ya anayemngojesha. Hakulishwa naye, hakulazwa naye, wala hakuonekana na macho yake. Tangu hapo siku moja ya kungoja na siku 300 zilikuwa sawa kwa ofisi, kwa kuwa hazikuigharimu kitu.

Kwa Unguja mabadiliko haya yana uchungu wa ziada. Marekani ilikuwa na balozi mdogo Mji Mkongwe tangu mwaka 1837, Richard Waters wa mji wa Salem, enzi za pembe za ndovu, sandarusi na kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Enzi hizo aliyekuwa na shida na Wamarekani katika pwani hii alikuja Zanzibar. Ofisi yao ya visiwani ilifungwa mwaka 1979. Kwa Mapatano ya Muungano, mambo ya nje na uhamiaji ni ya Muungano ingawa afya si ya Muungano, na ubalozi wa Marekani uko Msasani, Dar es Salaam. Kwa hiyo Mzanzibari anayehitaji kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya visa, kazi ambayo hospitali za Unguja huifanya kila siku, hupanda boti ya karibu saa mbili, akatafuta pa kulala Dar es Salaam, akaenda kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, kwa kuwa picha ya daktari mwingine haitambuliwi.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kwa visa ya kuhamia Marekani, mwenye umri wa miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua. Mtoto wa miaka 2 hadi 14 anayetoka nchi zenye kifua kikuu kingi hutolewa damu. Watu wazima hupimwa kaswende, na kadi za chanjo huangaliwa, sharti lililoingia kwa sheria ya mwaka 1996. Picha ikionesha doa, mtu hutakiwa atoe makohozi asubuhi tatu mfululizo: akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, ateme ndani ya kikopo cha plastiki, akifunge, akikabidhi. Kisha makohozi hayo huoteshwa maabara, na maabara hungoja hadi wiki 8 kuona kama vijidudu vitaota. Vikiota, ni dozi ya miezi, na ndipo aendelee. Ni muda mrefu, lakini sina ugomvi nao hata kidogo. Huo ni mtindo wa Changuu: ugonjwa wenyewe ndio unaotaja siku. Kifua kikuu ni maradhi ya polepole, na dawa yake ni ya polepole. Kumgundua mgonjwa mapema kunamwokoa yeye, kunawaokoa watoto anaolala nao chumba kimoja katika mitaa ya Ng'ambo au Jang'ombe, na ndipo kunainufaisha nchi aendayo.

Ugomvi wangu unaanza kwa aliye mzima. Majibu ya vipimo vya Marekani kwa kawaida huishi miezi 6, na kwa baadhi ya waliokutwa na dalili za kifua kikuu huishi 3. Visa haiwezi kuishi muda mrefu kuliko majibu hayo. Ofisi ikichelewa kwa uchunguzi wa nyaraka, karatasi ya afya hufa mkononi mwa mtu mzima wa afya, naye hurudi kwenye boti, hulipa tena, hupigwa picha ile ile ya mapafu yale yale. Wapo watakaosema kwamba mtu anaweza kuambukizwa katikati ya miezi hiyo, na ni kweli. Ndiyo maana siombi majibu yaishi milele. Nauliza tu kwa nini kipimo cha pili alipie yule ambaye hakuchelewesha.

Mwaka 2020 ulionesha jinsi afya ilivyo jambo dogo katika kungoja huku. Bahati nasibu ya visa ya Marekani hufungwa kila mwaka tarehe 30 Septemba; ambaye hajapata visa kufikia siku hiyo hana lake tena, hata kama jina lake lilitoka. Tarehe 31 Januari 2020 Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililowazuia raia wa Tanzania kupata visa hizo kuanzia tarehe 21 Februari. Sababu zilizotolewa zilihusu nyaraka, usalama na ubadilishanaji wa taarifa kati ya serikali. Hakuna pafu lililokuwa limebadilika. Tangazo lilifutwa tarehe 20 Januari 2021, lakini mwaka wa bahati nasibu wa 2020 ulikuwa umekwisha kupita. Hapa ndipo mtu wa Changuu alipokuwa na nafuu: daktari wake hakuweza kumwambia umepona ila siku zako zimefutwa.

Njia ya Ghuba ina kasoro ya namna nyingine. Kwa Unguja, Oman si ugenini. Ndugu wametapakaa pande zote mbili tangu kabla ya Mapinduzi ya 1964 na zaidi baada yake. Lakini anayekwenda kufanya kazi hupita kwenye vituo vilivyoidhinishwa na nchi za Ghuba, mtandao uliojulikana kwa jina la GAMCA na sasa Wafid, ambako hupimwa kifua kikuu, virusi vya ukimwi, homa ya ini, na mwanamke hupimwa ujauzito. Jibu ni fupi: anafaa au hafai. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, akameza dozi yote akapona, anaweza kukataliwa kwa kovu lililobaki kwenye picha. Hapo si ugonjwa unaokataliwa, ni kumbukumbu ya ugonjwa. Marekani nayo ilipita njia hiyo: kuanzia mwaka 1987 iliwazuia wenye virusi vya ukimwi, na kizuizi hakikuondolewa mpaka Januari 2010, miaka mingi baada ya wataalamu wa afya kusema hakikuwa na faida.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la wale wanaosema hakuna aliyelazimishwa kuhama. Nchi ya watu ina haki ya kuweka sharti, na asiyetaka akae kwao. Haki ya kukataa siipingi. Zanzibar yenyewe iliwazuia wageni Changuu, na hatukuona ubaya. Lakini haki ya kumkataa mtu si haki ya kumweka bila tarehe. Anayeambiwa hapana hulia, kisha akalima au akafungua duka. Anayeambiwa ngoja hafanyi chochote: haombi kazi ya kudumu, hajengi, haposi.

Kwa hiyo Wizara ya Afya ya Zanzibar, ambayo ina mamlaka kamili juu ya hospitali zake, izungumze na balozi kupitia Wizara ya Mambo ya Nje ili daktari anayetambuliwa awepo Unguja, hata kama ni kwa siku maalumu za mwezi. Majibu yakiisha muda kwa kuchelewa kwa ofisi, mwombaji asitozwe tena. Na aliyekataliwa kwa afya apewe jibu lake kwa maandishi, aweze kwenda nalo hospitali ya Mnazi Mmoja akatibiwe.

Nawe unayejiandaa, tafuta kadi za chanjo za watoto mapema, usingoje wiki ya safari. Ikiwa uliwahi kutibiwa kifua kikuu, chukua cheti cha kumaliza dozi na picha za zamani, daktari ayalinganishe mapafu yako ya jana na ya leo. Usiuze shamba wala kuacha kazi kabla visa haijabandikwa kwenye pasipoti.