Jerontolojia si Ngumbaru

Mwambie mtu wa Morogoro kwamba kuna chuo kinatoa shahada ya uzamili katika "elimu ya wazee", naye ana njia tatu za kukuelewa, zote sahihi kisarufi. Ya kwanza ni ngumbaru. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na picha ya babu na bibi wakifuatisha herufi ubaoni haijafutika. Ya pili ni elimu waliyo nayo wazee wenyewe: miti-dawa, mipaka ya mashamba, nani ni mjomba wa nani. Ya tatu ni elimu inayowachunguza wazee, na kwa kawaida msikilizaji huifikia mwisho, kama ataifikia. Kihusishi "ya" kimebebeshwa mzigo kisioweza kuumudu, na hapo ndipo mtunga istilahi anapaswa kuingia kazini.

Elimu hiyo ya tatu ndiyo jerontolojia. Mzizi wake ni Kigiriki, *geron*, yaani mzee. Aliyeliunda neno, mwaka 1903, ni Élie Metchnikoff, mwanabiolojia aliyezaliwa upande wa Kharkiv akafanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich ilihusu kinga ya mwili, lakini uzee ulimshughulisha sana. Aliamini kuwa bakteria wa utumbo mpana hututia sumu polepole, na kwamba maziwa yaliyochachuka huwadhibiti. Wauza mtindi wa Morogoro wana wakili mkubwa hapo na sijaona akitajwa kwenye tangazo hata moja.

Miaka sita baada ya neno hilo kuundwa, Ignatz Nascher, tabibu mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York, alitaka liwepo tawi la udaktari kwa ajili ya wazee kama lilivyokuwapo la watoto. Neno aliloliunda tunaweza kuliita kwa Kiswahili tiba ya wazee, na hapa "ya" haileti utata wowote. Kuichanganya tiba hiyo na jerontolojia ni kosa la kila siku, hata maofisini. Bibi akianguka na kuvunjika nyonga, daktari wa tiba ya wazee anauliza kuhusu mfupa, dawa za presha zinazomletea kizunguzungu, na macho. Mwanajerontolojia anauliza hayo kisha anaendelea: kwa nini bado anateka maji mwenyewe, nani anaishi naye, ardhi anayolima ni ya nani, na je, ana kitambulisho cha matibabu ya bure? Ndani ya taaluma hii wamo wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, wanasheria, wanatakwimu na wasanifu majengo.

Majina yaliyowahi kunijia kama mbadala ni mengi. "Elimuuzee" ina irabu mbili zilizogongana katikati, na hata ukilainisha ulimi, uzee ni hali iliyokwisha kufika, ilhali taaluma hii inafuatilia mwendo mzima wa kuifikia. Mtoto aliyekosa lishe kijijini Kinole akiwa na miaka mitatu anaingia katika hesabu za jerontolojia sawasawa na mstaafu. Kwa hiyo nashikilia kitenzi: elimu ya kuzeeka. Hilo nalitumia kama maelezo ya neno, si badala yake. Kwenye cheti iandikwe jerontolojia, ikae safu moja na biolojia, saikolojia na sosiolojia ambazo hakuna anayezilalamikia tena. Mhitimu awe mwanajerontolojia. "Mtaalamu wa kuzeeka" nimelikataa kwa sababu moja tu: litamke mbele ya mzee yeyote wa Matombo, atakuambia mtaalamu huyo ndiye yeye.

Elimu hii katika ngazi ya uzamili si jambo geni duniani. Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, kilianzisha shule yake ya jerontolojia mwaka 1975. Umoja wa Mataifa, baada ya mkutano wake wa kwanza kuhusu kuzeeka uliofanyika Vienna mwaka 1982, ulisaidia kuanzisha taasisi ya kimataifa kisiwani Malta mwaka 1988, ikilenga hasa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Mkutano wa pili ulikuwa Madrid mwaka 2002, na mwaka uliofuata Tanzania ikapata Sera ya Taifa ya Wazee, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60.

Miaka 60. Namba hiyo ni rahisi kwa mtumishi wa umma, kwani ndiyo siku yake ya kustaafu kwa lazima. Panda sasa barabara ya Mgeta, upite mabonde ya mbogamboga hadi Bunduki, umtafute mkulima aliyezaliwa nyumbani bila cheti. Kama hana uwezo, anastahili huduma ya bure kwenye dirisha la wazee hospitalini, lakini athibitishe umri wake kwa kitu gani? Watafiti hutumia kalenda ya matukio: humuuliza mtu alikuwa na umri gani lilipotokea jambo ambalo kila mtu wa eneo hilo analikumbuka. Milima ya huko, ya Uluguru, inayo tukio lake: vurugu za mwaka 1955, Waluguru walipoukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kulima matuta. Anayekumbuka kubebwa mgongoni siku zile amevuka 70. Anayesema wakati huo alikuwa tayari analima shamba lake amevuka 80 kwa mbali. Kuiunda kalenda kama hiyo kunataka historia na takwimu kwa pamoja, na afisa ustawi wa jamii aliyeishia stashahada huachwa aibuni mwenyewe mezani.

Vitabu vya Los Angeles havitamsaidia sana hapo. Chukua kipimo maarufu cha Lawton na Brody cha mwaka 1969, kinachopima kama mzee anajimudu. Kinauliza kuhusu kutumia simu, kwenda dukani, kufua, usafiri, kusimamia fedha. Bibi wa Uluguru anayepalilia mteremko ambao kijana wa mjini angetambaa kwa mikono anaweza kupata alama duni kwa sababu hajawahi kushika hesabu za benki. Na babu aliyeanza kupoteza kumbukumbu anaweza kupita bila kuonekana, kwa kuwa kazi zilizoulizwa hufanywa na wajukuu tangu zamani.

Nchini petu tatizo hili limekwisha kushughulikiwa mara moja kwa umakini mkubwa, ingawa ni Kilimanjaro na si Morogoro. Katika wilaya ya Hai watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo cha kuchuja ugonjwa wa kusahau kwa wazee wasiosoma, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kalamu na karatasi ziliwekwa kando. Mzee hutaja majina ya wanyama kadiri anavyoweza, hutaja kiongozi wa kijiji, hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kukitumia kwa muda mfupi. Kukitengeneza ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mafunzo ya juu: mtu anayeweza kusema kipimo hiki hakitufai, kisha akaeleza kwa ushahidi kipi kitafaa.

Chini ya Milima ya Uluguru vyuo havikosekani. Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watendaji wa serikali za mitaa, hufundisha usimamizi wa mifumo ya afya katika uzamili. Sokoine, chuo kikuu tangu 1984, kina elimu ya ugani. Kuifundisha jerontolojia ningeanzia Sokoine, na najua wauguzi watanishangaa. Katika Uluguru mzee ni mkulima mpaka mwili ugome. Bwana shamba anakutana naye shambani akiwa mzima, miaka mingi kabla hajafika kwenye kitanda cha hospitali ya mkoa. Akiwa na jerontolojia kichwani, bwana shamba huyo angetambua kwamba shamba lililoachwa vichaka mwaka huu linaweza kuwa dalili ya magoti yaliyochoka au ya akili iliyoanza kupotea njia.

Angejua pia kuuliza kuhusu ukoo. Waluguru hufuata upande wa mama, na kwa desturi ardhi ni ya lukolo, ukoo wa kikeni. Mwanamume anaweza kuzeekea kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, akiwa na watoto ambao si wa ukoo wake na wapwa walio ng'ambo ya bonde. Mkewe akitangulia, nani ana wajibu wa kumtunza, na atabaki kwenye shamba la nani? Swali hilo halimo katika mtaala ulioandikwa kwa ajili ya jamii ya watu wenye pensheni. Mjini Morogoro serikali ina makazi ya wazee ya Fungafunga kwa wasio na mtu wa kuwatunza, na anayefanya kazi mahali kama hapo anahitaji kujua ukoo unavyofungwa na unavyolegea kabla hajaandika kwenye jalada kwamba mzee fulani "hana ndugu".

Imebaki istilahi moja inayonisumbua, nayo ni jina la yule anayekaa na mzee kila siku. Nyaraka nyingi humwita mlezi. Lakini kulea kuna mtoto ndani yake, na mzee aliyemzaa mlezi huyo hafurahi kusikia analelewa naye. Kuuguza kunadai pawe na ugonjwa. Mhudumu ni wa mshahara. Nimeamua kuandika mtunzaji, na neno kulea niliache kwa watoto, mpaka hapo wauguzi na watu wa ustawi wa jamii watakapoleta neno wanalolitumia wao kwa wao na likawa bora zaidi.